Kuuguza si Kufuga

Somo la juma: Marko 5:18–20



Sisi watumishi wa madhabahuni tumepewa jina la wachungaji, jina lilelile la kijana anayeswaga mbuzi kwenda malishoni na fimbo begani. Ukilibeba jina hilo unamrithi na adui wake. Tangu Shule ya Jumapili nimefundishwa kwamba kondoo ni sisi, na mbwamwitu ni yule anayekuja kutumaliza. Nabii wa uongo ni mbwamwitu aliyejifunika ngozi ya kondoo, na mchungaji wa mshahara akimwona mbwamwitu huliacha kundi akakimbia. Nimehubiri hivyo miaka mingi na nitaendelea kuhubiri, kwa maana Bwana mwenyewe ndiye aliyetupa mfano huo. Ila kwa majuma kadhaa sasa nimekuwa nikimwaza mbwamwitu mmoja wa kweli, mwenye damu na manyoya, aliyevunjwa mguu kwa risasi, na kila nikifungua Marko sura ya 5 namkuta humo.

Habari yake ni ya mwaka 2020, katika Milima ya Simien kaskazini mwa Ethiopia. Huko ni juu sana. Kilele cha Ras Dashen kinapita mita 4,500 kutoka usawa wa bahari. Kuna magenge yanayoporomoka ghafla mpaka ukichungulia chini unashika kichwa, kuna lobelia zilizosimama kama nguzo katikati ya nyasi, na kuna nyani waitwao gelada wanaokaa kitako makundi kwa makundi wakichuma majani kwa vidole kama akina mama wanaochambua mchicha. Watu nao wapo. Ni Waamhara, wakulima wa shayiri na wafugaji wa kondoo, ambao asubuhi hujifunika gabi, shuka nzito ya pamba, kwa sababu ya baridi. Wengi wao ni Waorthodoksi, ndugu zetu katika imani iliyoota mizizi katika nchi yao karne nyingi kabla ya wamisionari wa kwanza kuzileta Injili zao huku kwetu.

Katika nyasi hizo anaishi mbwamwitu wa Ethiopia, ambaye haonekani nje ya nchi hiyo, wala hata ndani yake haonekani ila kwenye nyanda za juu kabisa, kwa kawaida mita 3,000 na kuendelea. Waamhara wanamwita ky kebero, yaani bweha mwekundu. Ana miguu mirefu, mdomo mwembamba, manyoya ya rangi ya kutu, koo jeupe, na mkia uliokolea weusi nchani. Chakula chake ni panya. Hutambaa tumbo likigusa nyasi, akatulia kabisa masikio yakiwa yameelekezwa kwenye tundu, kisha akaruka. Mawindo ni ya mmoja mmoja, lakini maisha ni ya ukoo. Alfajiri na jioni kundi hukutana, wakasalimiana kwa kunusana na kurukiana, wakazunguka pamoja mipaka ya eneo lao. Katika kundi jike mmoja ndiye huzaa kwa kawaida, na watoto wake hulishwa na wote, hata na wale ambao hawana mtoto hata mmoja. Na mwaka 2024 watafiti walieleza jambo lililonifurahisha mno: katika Milima ya Bale, kusini mwa nchi hiyo, walimwona mbwamwitu huyu akienda ua kwa ua akiramba asali ya maua, mpaka mdomo ukawa wa manjano kwa chavua. Mnyama tuliyemfanya sura ya shetani, Mungu amempa ulimi wa kuonja maua.

Hapa niseme neno juu ya jina, maana najua kuna wasomaji wangu watakaochanganyikiwa. Sisi wa Tanzania na Kenya tukisikia mbwamwitu tunamwona yule mwenye mabaka ya rangi tatu na masikio ya duara, anayewinda kwa makundi huko Ruaha na Nyerere. Huyo ni mnyama mwingine. Wafasiri wa Biblia walipomtafutia jina mbwamwitu wa Palestina, mnyama ambaye babu zetu hawakumjua, waliazima jina la huyu wetu. Kwa hiyo kila tunaposoma unabii wa Isaya kuhusu mbwamwitu kuishi na mwanakondoo, picha iliyo kichwani mwetu sio iliyokuwa kichwani mwa nabii. Huyu wa Simien ni jamaa wa karibu wa yule wa Isaya.

Basi, mbwamwitu dume mmoja wa Simien alikutwa amepigwa risasi, mguu wa nyuma umevunjika. Walinzi wa hifadhi walimwona akijikokota kwa miguu mitatu.

Ndipo swali likaja, na naomba msilipite haraka. Wanaohifadhi wanyamapori wana desturi ya kuacha maumbile yafanye kazi yake. Swala akiliwa na chui hawaingilii. Nyati akivunjika mguu mtoni hawamwiti daktari. Desturi hiyo ina hekima, kwa maana mtu akianza kupanga nani aishi na nani afe porini hatajua pa kuishia. Lakini risasi haikutoka katika maumbile. Mkono wa mtu ndio uliofyatua, na mkono wa mtu ukiumiza, mkono wa mtu hauwezi kukunjwa kifuani na kusema tuiachie asili. Halafu kuna hesabu. Mbwamwitu wa Ethiopia waliokomaa hawafiki 500 duniani kote, na wengi wao wako Bale. Kichaa cha mbwa kinachobebwa na mbwa wa vijijini kimewafyeka Bale mara kwa mara, mwaka 1991, mwaka 2003, na tena baadaye, kiasi kwamba wahifadhi wanapanda milimani kila mwaka kuwachanja maelfu ya mbwa wa wafugaji ili kumlinda mnyama ambaye mfugaji hamtaki. Kwa hesabu ya namna hiyo dume mmoja ni kitu kikubwa.

Tatizo lilikuwa kwamba hakuna aliyewahi kufanya kazi hiyo. Hakuna bustani ya wanyama popote yenye mbwamwitu wa Ethiopia. Hakuna aliyejua kama atakula akiwa amefungiwa, au kama atajigonga ukutani mpaka afe. Na ulikuwa mwaka wa korona, safari zimefungwa, madaktari na vifaa havifiki kwa urahisi. Hata hivyo mamlaka ya wanyamapori ya Ethiopia na wenzao wa mradi wa kuhifadhi mbwamwitu hao waliamua kujaribu. Walimkamata, wakamtengenezea zizi hukohuko juu mlimani, katika baridi aliyoizoea na hewa aliyoizoea, wakamlisha na kumtibu. Wakampa jina: Terefe. Kwa Kiamhara ni aliyesalia, aliyenusurika. Wasomaji wa manabii wanalijua neno hilo vizuri, maana Israeli nzima iliishi kwa tumaini la mabaki.

Alikaa siku 51. Nilipoisoma hesabu hiyo nilichukua kalenda ya kanisa nikahesabu kwa kidole. Ukianza na Jumapili ya Pasaka, siku ya 50 ni Pentekoste, na siku ya 51 ni Jumatatu inayofuata, siku ambayo mitume walilazimika kuamka na kuanza kazi. Siku hiyo Terefe alifunguliwa mlango. Shingoni alikuwa na kola yenye kifaa cha GPS, ya kwanza kuwahi kufungwa kwa mbwamwitu wa Ethiopia, na mguu ulikuwa unakanyaga.

Katika lugha yetu kuna maneno mawili ambayo kwa mbali yanafanana kazi: kuuguza na kufuga. Yote mawili yana kulisha ndani yake. Yote yana kuamka usiku, kubeba maji, kusafisha uchafu usio wako. Mtu akipita nje ya zizi la Terefe siku ya 20, angeapa kwamba huyu anafugwa. Tofauti haionekani machoni, iko kwenye nia. Anayefuga anamtaka mnyama kesho awe karibu zaidi kuliko jana: amjue sauti, amfuate nyuma, amtegemee. Anayeuguza mnyama wa porini anataka kinyume chake. Watu wa kazi hii duniani kote wana masharti yanayofanana: wanaomkaribia mgonjwa wawe wachache, maneno yawe machache, mkono usimpapase pasipo sababu ya matibabu. Mnyama wa porini akishawapenda watu, siku ya kutoka ataelekea vijijini akitikisa mkia, na kijiji cha kwanza kitamuua. Huruma inayotaka kupendwa ingemmaliza Terefe kwa uhakika kuliko ile risasi.

Naandika haya nikiwa na jambo langu la kuungama.

Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja wa bodaboda katika usharika wetu aligongwa na lori usiku. Mguu ulivunjika vibaya, akafungwa vyuma, akalala wodini kwa miezi. Mama yake ni mjane anayeuza maandazi. Tulisimama naye. Jumuiya zilichanga, akina mama walipokezana kupeleka uji, mimi nilikwenda kila Jumatano na Ijumaa. Siku moja nilimpiga picha akiwa kitandani, mguu umeinuliwa, vyuma vinaonekana, ili washarika waone fedha zao zinakwenda wapi. Haikuwa nia mbaya. Picha ile nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la usharika, na michango ikaja.

Alipopona na kutembea tulimwita mbele ya kanisa atoe ushuhuda. Watu walilia. Basi nikaizoea ile raha. Kila harambee nilimtaja. Akija mgeni kutoka dayosisi nilimsimamisha. Nikihubiri juu ya utoaji, mfano ulikuwa yeye. Tulipofika mwaka wa pili, nikaona kiti chake ni kitupu, na nilisema moyoni maneno ambayo naona haya kuyaandika, kwamba vijana wa siku hizi hawana shukrani.

Nilimkuta kijiweni jioni moja, amekaa juu ya pikipiki mpya ya mkopo.

“Shikamoo, Mchungaji.”

“Marahaba, mwanangu. Mbona umepotea?”

Alinyamaza, akawa anafuta kioo cha pikipiki ambacho hakikuwa na vumbi. Kisha akasema taratibu, bila hasira: “Sijapotea, Mchungaji. Nasali ng’ambo ya barabara kuu, naimba kwaya. Ila pale kwetu kila nikiingia mlangoni, mimi ni yule wa kitandani.”

Nilikosa la kumjibu. Tulikuwa tumemuuguza vizuri kweli. Vyuma vilitoka, mguu ukaunga. Halafu, bila yeyote kukaa kikao na kuamua hivyo, tukaanza kumfuga.

Sasa rudini nami Marko 5. Mtu yule wa nchi ya Wagerasi alikaa makaburini, mchana na usiku akipiga kelele na kujikatakata kwa mawe. Kijiji kilijaribu kumfunga kwa pingu na minyororo, akaikata. Naomba tulitazame hilo: dawa pekee waliyokuwa nayo wenzake ilikuwa mnyororo. Bwana Yesu akavuka ziwa, akamponya, na nguruwe wapatao 2,000 wakaangamia majini, na wenye mji walipomkuta mtu wao ameketi, amevaa, ana akili timamu, waliogopa, wakamwomba Yesu aondoke mipakani mwao.

Kisha kuna ombi la pili, na ndilo somo letu. Yesu anapanda chomboni, na yule aliyeponywa anamsihi afuatane naye. Fikirini ni ushuhuda gani ungekuwa. Mtu wa makaburini akisimamishwa Kapernaumu, akisimamishwa Yerusalemu, makovu ya minyororo yangali mbichi mikononi. Hakuna mhubiri wa leo ambaye angeiacha nafasi ile. Na mtu mwenyewe anataka. Bwana akakataa. Alimwambia aende nyumbani kwa watu wake, akawasimulie wao. Kwingine katika Injili tunamwona akiita watu waache yote wamfuate. Huyu alimkatalia, akampa kitu alichokuwa amenyang’anywa na maradhi: mlango wa nyumba yake, na jina lake miongoni mwa watu waliomjua tangu utoto.

Wala hakumrudisha mahali rahisi. Alimrudisha kwa walewale waliomfunga minyororo, waliokuwa wamepoteza nguruwe kwa sababu yake. Watu wa Simien waliokuwa wanamfungulia Terefe mlango walilijua hilo pia. Nje ya zizi hakukuwa na bustani ya Edeni. Kulikuwa na milima ileile, kondoo walewale, na bunduki ile bado iko mikononi mwa mtu. Nadhani ni hapa ambapo mikono ya mwuguzaji hutetemeka zaidi kuliko siku ya kufunga jeraha. Ni rahisi sana kusema bado hajawa tayari, tumwongeze mwezi. Mzazi aliye na binti aliyerudi nyumbani baada ya ndoa ya kipigo anaijua sentensi hiyo. Msimamizi wa kituo cha vijana walioacha dawa za kulevya anaijua. Wakati mwingine ni sentensi ya kweli. Wakati mwingine sisi ndio hatujawa tayari.

Kola ile iliwawezesha kumfuata kwa mbali. Terefe alirudi kwenye kundi lake la zamani, akakaa nalo kwa muda, kisha akaondoka. Alizunguka. Mwishowe akatulia karibu na kijiji kiitwacho Shehano, akapata jike, wakazaa watoto. Mbwamwitu aliyekuwa ajikokote afe peke yake kwenye nyasi amekuwa baba wa ukoo mpya, mahali ambapo mwenyewe alipachagua wala si waliomtibu waliompangia. Watu wa Shehano, ambao mwanzo walikuwa na wasiwasi kwa ajili ya kondoo wao, walikuja kumwona kuwa ni wao wa kumlinda.

Jambo hili la Shehano nimelirudia mara nyingi usiku. Hakuna mahubiri yangu juu ya upatanisho yaliyofika hapo. Kijiji cha wachungaji, wachungaji wa kweli wenye kondoo wa kweli, kiliishi na mbwamwitu mwenye historia ya risasi na kikamwacha alee. Hawakumfungia. Hawakumlisha mkononi. Waliacha kumpiga, wakampa nafasi ya kuwa mbwamwitu kwenye mlima wa Mungu, basi.

Ethiopia ina mfano mwingine wa kuacha nafasi, wa zamani zaidi. Huko Guassa, katika nchi ya Menz, wanavijiji wamelinda nyasi za mlimani kwa sheria yao wenyewe tangu karne ya 17. Eneo hufungwa miaka kadhaa, hakuna kukata nyasi wala kuchunga, mpaka wazee waamue kulifungua. Nyasi zile walizitaka kwa ajili ya paa za nyumba zao. Mbwamwitu walipona humohumo, pasipo yeyote kuwakusudia. Heri mahali ambapo mtu ameacha kitu bila kukigusa, na kiumbe mwingine akapata pa kulala.

Wapendwa, juma hili nawaomba jambo moja tu. Kama yuko mtu uliyemsaidia, ukamlipia ada, ukamtoa polisi, ukamlaza nyumbani kwako, ukamwombea mapepo yakamtoka, jiulize kama bado umemshika. Tunashika kwa deni ambalo tunasema tumelisamehe huku tukilitaja. Tunashika kwa kumsimulia kikaoni yeye akiwepo. Tunashika kwa kununa asipopiga simu sikukuu. Mfungulie, aende kwa watu wake, na akiwasimulia aliyotendewa, asimulie kwa kinywa chake na siku atakayotaka. Na kama katika usharika wako yuko anayetajwa kila harambee, mzee wa kanisa tafadhali mwambie mchungaji wako. Mimi hakuna aliyeniambia mpaka kijana aliponiambia mwenyewe.

Ile picha ya kitandani niliifuta kwenye simu yangu Jumatatu asubuhi, nikawaomba wa kundi la usharika nao waifute.